WonderSwan, gemu ya betri moja

Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitegemea jenereta za dizeli na nyaya zinazovuka mpaka kutoka Zambia. Vijijini kwenye uwanda wa Ufipa, redio na tochi zimeishi kwa betri, na mnunuzi makini huuliza kwanza kifaa kinakula betri ngapi. Mhandisi wa Kijapani Gunpei Yokoi alilipa swali hilo uzito kuliko wenzake wengi.

Yokoi aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Mwaka 1980 alitoa Game & Watch, gemu ya mfukoni iliyotumia kioo na chipu za aina ya kikokotoo, vitu vilivyokwisha kuwa rahisi. Mwaka 1989 ikafuata Game Boy, yenye kioo kisicho na rangi. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, ilikuwa na rangi za kupendeza, lakini ilimaliza betri 6 kwa saa chache tu. Game Boy ikashinda. Yokoi aliamini katika kuchukua teknolojia iliyozoeleka na kuipa kazi mpya. Mafundi wa Ufipa wa zamani wangemwelewa: waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu ziitwazo malungu, zenye matundu chini, hewa ikijivuta yenyewe bila mivukuto.

Mwaka 1996 aliondoka Nintendo, akaanzisha kampuni ya Koto, na kwa ajili ya kampuni ya vichezeo ya Bandai akaanza kubuni kifaa kipya. Oktoba 4, 1997 aligongwa na gari barabarani akafariki, akiwa na umri wa miaka 56. Hakukiona kikiingia sokoni.

Kifaa hicho, WonderSwan, kilitoka Machi 4, 1999, kwa yeni 4,800. Ilikuwa na chipu ya biti 16, na betri moja ndogo iliiendesha kwa saa 30 hivi. Ungeweza kuishika ikiwa imelala au imesimama. Miongoni mwa gemu zake za kwanza ilikuwa Gunpey, ya kuunganisha mistari kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, iliyopewa jina la marehemu.

Toleo la rangi lilikuja Desemba 2000, pamoja na Final Fantasy ya Square, kampuni iliyokuwa imekosana na Nintendo. Miezi michache baadaye Nintendo ilitoa Game Boy Advance, kisha Square ikarejea kwao. SwanCrystal ya 2002 ilikuwa na kioo bora zaidi, lakini wateja walikuwa wameshahama. WonderSwan haikuwahi kuuzwa rasmi Ulaya wala Marekani, na mauzo yake yalifika takriban vifaa milioni 3.5 tu.

Kwangu mimi, jambo zuri kuliko yote lilikuwa WonderWitch, zana zilizomwezesha mtu wa kawaida kuandika gemu zake mwenyewe nyumbani. Mojawapo, Judgement Silversword, ilishinda shindano la watumiaji wa zana hizo. Mwaka 2004, Bandai ikiwa imeshakiacha kifaa hicho, ikatolewa kama kaseti kamili ya dukani.