Rumba ndani ya kopo la shaba

Ngoma ya rumba iliwahi kukipa jina kifaa cha fizikia. Katikati ya miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, William Hansen alibuni kopo la shaba lililo tupu ndani. Mawimbi ya redio yakiingizwa humo hugonga ukuta huu na kurudi ukuta ule, na kama kopo limepimwa sawasawa na wimbi, nguvu hujilimbikiza. Likaitwa rumbatroni, kwa jinsi mawimbi yale yalivyokwenda na kurudi mithili ya wacheza rumba.

Hansen, mzaliwa wa Fresno mwaka 1909, alitaka jambo moja: kuzisukuma elektroni kwa kasi kubwa bila mitambo ghali ya volti za juu. Kopo alilibuni kwa ajili hiyo. Lakini kabla halijaifanya kazi hiyo, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ililiwahi.

Mwanafizikia Russell Varian aliwahi kuishi na Hansen chumba kimoja chuoni. Mdogo wake Russell, Sigurd, alikuwa rubani wa Pan American, na wasiwasi wake ulikuwa ndege za mabomu zitakazokuja usiku au nyuma ya mawingu. Mwaka 1937 ndugu hao wawili walipokewa Stanford bila mshahara. Chuo kiliwapa maabara na dola 100 za vifaa. Wakalichukua kopo la Hansen na kuliunga na jingine. La kwanza huzikawiza baadhi ya elektroni na kuziharakisha nyingine, mpaka za nyuma zinazikuta za mbele na kwenda kwa mafungu, kama daladala tatu zinazofika kituoni kwa mpigo. Mafungu hayo yakipita kwenye kopo la pili huliachia nguvu zao, na wimbi dhaifu hutoka likiwa na nguvu. Agosti mwaka huohuo kifaa kilifanya kazi. Kiliitwa klistroni, kutokana na neno la Kigiriki linalohusu mawimbi yanapopiga ufuoni.

Klistroni ikaingia kwenye rada. Hansen naye aliitumia miaka ya vita akifanya utafiti wa rada katika kampuni ya Sperry, na akisafiri hadi chuo cha MIT kuwafundisha wenzake elimu ya mawimbi mafupi sana ya redio. Kwangu mimi, miaka ile ndiyo inayouma zaidi katika habari zake, kwa sababu hakubakiwa na mingi.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye haja yake ya zamani. Mwaka 1947 aliyapanga makopo ya shaba katika mstari mmoja, na mashine ilipofikia urefu wa futi 12 ilizipa elektroni nishati ya elektronivolti milioni 6. Iko picha yake na wanafunzi watatu wamelibeba bomba la mashine hiyo mabegani, jepesi kiasi hicho. Taarifa aliyowapelekea wafadhili wake wa jeshi la majini ilikuwa ya maneno machache tu: kwamba wameziongeza elektroni kasi.

Mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa vumbi la berili alilolivuta katika utafiti wake. Alifariki Mei 1949, siku chache kabla ya kutimiza miaka 40. Wenzake, Edward Ginzton mbele yao, waliendelea. Mwaka 1966 Stanford ilikuwa na mashine ya urefu wa kilomita 3.2 iliyosukumwa na klistroni zaidi ya 200, na humo ndimo ulimopatikana ushahidi wa kwaki, yaani chembe ndogo zilizomo ndani ya protoni.

Ukoo huohuo umezaa mashine za tiba ya mionzi, zikiwemo LINAC (mashine za kuziongeza elektroni kasi) za taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ile ya Stanford, iliyotengenezwa na Ginzton pamoja na daktari Henry Kaplan, ilipokea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1956: mtoto wa miaka miwili mwenye saratani ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa. La pili lilielekezewa mionzi, likapona, naye akaendelea kuona.