Edipode Hakuwa na Dosari: Utetezi wa Neno "Mkoseo"

Limezuka tena. Safari hii limo katika orodha ya istilahi za tamthilia waliyogawiwa walimu wa Fasihi hapa Same, ukurasa wa pili, baina ya "hadhira" na "hitimisho": hamartia, yaani "dosari ya kimaadili ya mhusika mkuu". Waandaaji hawakuweka majina yao. Wamefanya busara.

Darasa linaloisoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971 ya tamthilia ya Sophocles, likiwa na fasili hiyo mkononi, humaliza kipindi kizima likimsaka Edipode tabia mbaya. Mmoja atasema hasira, mwingine kiburi, mwalimu ataandika yote mawili ubaoni, kengele italia. Ilhali Aristotle, katika sura ya 13 ya kitabu chake kuhusu ushairi, anamtaja Edipode kwa jina, pamoja na Thyestes, kuwa mfano wa mtu asiyeangushwa na uovu bali na hamartia. Orodha yetu imeokota kile hasa alichokikanusha mwenye neno, ikakitawaza kuwa ndiyo maana ya neno.

Asili ya neno hilo ni uwanja wa vita. Kitenzi chake, hamartanein, kilikuwa cha warusha mikuki na wapiga mishale: kutopata shabaha. Katika Iliadi, Pandarus anamrushia Diomedes mkuki. Mkuki unapenya ngao, naye anapiga kelele za ushindi akidhani amempata. Diomedes anamjibu kwa kitenzi hichohicho: umekosa. Tuzingatie kelele zile. Mwenye hamartia hajijui, hushangilia.

Kiebrania nacho kimepita njia hiyo. Wakristo wa milima ya Upare, waliozoea kufungua Biblia bila kusukumwa, watazame Waamuzi 20:16, penye mashoto 700 wa kabila la Benyamini waliotupa mawe kwa teo bila kukosa hata unywele. Kitenzi cha kukosa katika aya hiyo ndicho Waebrania walichokitumia kwa kutenda dhambi. Mzizi wake una ndugu katika Kiarabu, na ndugu huyo ndiye aliyetuletea "hatia".

Hapo wapinzani wangu hurukia: basi tuseme "hatia"! Neno tamu, tena Penina Muhando amelipa hadhi ya jukwaani kwa tamthilia yake ya mwaka 1972. Lakini "hatia" ya Kiswahili ilishahamia mahakamani. Mtu hupatikana nayo, huondolewa, huachiwa kwa kutokuwa nayo. Ni jina la hukumu, na hukumu huja baada ya tendo. Ingefaa kwa Seneca, yule Mrumi, ambaye Edipode wake anaingia jukwaani tangu mwanzo akiwa amejaa hofu na kujishuku. Edipode wa Sophocles anaingia akiwa mfalme aliyeitwa na watu wake kuwaokoa na tauni, na hajishuku kwa lolote.

Wengine, hasa wasomi wa Agano Jipya, hushikilia "dhambi", kwa kuwa ndiyo tafsiri ya hamartia katika nyaraka za Paulo. Sophocles alifariki zaidi ya miaka 400 kabla ya Paulo kushika kalamu. Haifai kumdai kodi ya mjukuu wake.

Kumbe lugha yetu ilikuwa imekaa na jawabu muda wote. Kukosa ni kutopata shabaha, na kosa ni tendo baya: safari ileile ya Wayunani na Waebrania, imefanywa nyumbani kwa miguu yetu wenyewe. Kwa nini basi nisiridhike na "kosa"? Kwa sababu kosa limetumikishwa mno, kuanzia tahajia hadi jinai. Na kwa sababu ya kiungo kimoja kidogo ambacho kamati hazikioni. Aliyekosa njia hakuiona. Aliyekosea njia ameiona, ameishika, anaifuata kwa kujiamini kuelekea kusiko. Edipode alikimbia Korintho ili asije akamuua baba yake. Hatua kwa hatua akafika palipokutana barabara tatu, akamuua Laius, baba yake mzazi, asijue ni nani. Huyo hakukosa njia. Aliikosea. Kutoka "elekea" tumepata mwelekeo, kutoka "itikia" mwitikio. Kutoka "kosea" tupate mkoseo.

Faida yake kifalsafa ni kubwa. Katika kitabu cha tano cha Maadili, Aristotle anatenga madhara yasiyotazamiwa, madhara yatokanayo na kutojua pasipo ubaya, na madhara ya makusudi. Mpare yeyote anayemwagilia kwa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, anaijua hesabu hiyo. Mvua ikibomoa ukingo na shamba la jirani likakauka, ni mkosi. Ukizibua ndiva asubuhi ukiamini ni zamu yako, kumbe ni yake, ni mkoseo. Ukiizibua usiku, ni dhuluma, na wazee hawatakuuliza kuhusu tabia yako ya utotoni. Aristotle mwenyewe alipotafuta mfano wa asiyejua atendalo alikwenda kwenye ukumbi wa maigizo: alimtaja Merope wa Euripides, aliyekaribia kumuua mwanawe akidhani ni adui. Kwake jukwaa lilikuwa mahali pa kupimia wajibu wa mtu. Ukiandika "dosari", kipimo hicho unakivunja, kwa sababu dosari hukaa ndani ya mtu hata akiwa amelala, lakini mkoseo hutendwa.

Nitaambiwa ni ugomvi wa maneno tu. Katika karne ya 10 Abu Bishr Matta alikifasiri kitabu kile cha Aristotle kuhusu ushairi kwa Kiarabu na kuiita tanzia "sifa". Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akajenga sherehe yake juu ya neno hilo, na kichwa kile kikubwa kikaichambua tanzia kama tenzi za kusifu watu. Kwa hiyo sihitaji kusomewa methali kuhusu udogo wa maneno.

Matumizi: mkoseo, mikoseo, kitenzi kukosea.

Pendekezo hili nililiwasilisha panapohusika. Hoja ya kwanza dhidi yake ilikuwa kwamba halimo katika kamusi, kana kwamba istilahi huingia kamusini kabla ya kubuniwa. Hoja ya pili ilikuja kwa barua yenye muhuri: suala litajadiliwa na wadau. Edipode alijiundia tume ya mtu mmoja, akawahoji mashahidi wote kabla jua halijatua, na matokeo akayatangaza ingawa yalimhusu yeye. Wadau wetu bado wanasaini karatasi ya posho.