Pombe katika Kilatini: Historia ya Jina la Chachu Moja

Miongoni mwa majina ya Kilatini ambayo wataalamu wamewapa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, lipo moja ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa nusu bila kufundishwa: Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza imeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka, sukari na kuvu. Sehemu ya pili ni neno lile lile linalotamkwa Mombasa, Kigoma na Lubumbashi.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1893 na Paul Lindner, mtaalamu wa uchachushaji huko Berlin. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kujitwalia koloni katika Afrika Mashariki, na chachu aliyoichunguza Lindner ilitoka katika pombe ya nafaka ya huko. Chini ya hadubini ilionekana tofauti kubwa. Chachu ya mkate huzaliana kwa kuchipua: kichipukizi hutoka ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hujitenga. Seli hizi, zenye umbo la fimbo, zilirefuka, zikajenga ukuta katikati, zikagawanyika sawa kwa sawa. Kwa sababu hiyo Lindner aliziundia jenasi mpya, na spishi akaipa jina la kinywaji chenyewe.

Mwaka 1894 Mholanzi Beijerinck aliongeza spishi ya pili, octosporus, ambayo kifuko chake hubeba spora nane badala ya nne. Hivyo ndivyo chachu zilivyoainishwa zamani: kwa umbo, kwa spora, na kwa sukari zinazoweza kuchachusha. Baadaye uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba jenasi hiyo iko mbali sana kinasaba na chachu ya mkate, ingawa majina yao yanafanana kama ya ndugu. Hata hivyo jina halikubadilishwa, kwa kuwa kanuni za uainishaji hulinda jina lililotangulia kuchapishwa kihalali.

Katika miaka ya 1940, Urs Leupold wa Uswisi alianza kuitumia spishi hiyo katika elimu ya urithi. Aina aliyoichagua haikutoka Afrika, bali katika maji ya zabibu ya Ulaya. Kutokana na aina hiyo Paul Nurse alichunguza jeni cdc2, inayoongoza mgawanyiko wa seli. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba binadamu naye anayo jeni inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo. Nurse alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na wenzake wawili, mwaka 2001. Kwa hiyo kilichobaki cha Afrika Mashariki katika maabara hizo ni neno tu.

Hapa pana suala la maana ya ugunduzi. Katika sayansi, spishi hugunduliwa siku inapoelezwa, kupewa jina na kuchapishwa. Kazi hiyo ni ya Lindner, wala hakuna sababu ya kumnyang'anya. Lakini wapikaji wa pombe, ambao hawakuwa na hadubini, walikuwa wakiitegemea chachu hiyo kabla haijafika Berlin. Jina la spishi halimtaji mpikaji wala kijiji chake. Linataja kazi yake, tena kwa lugha ya Kiafrika, na huo ni ushahidi ambao mwanahistoria wa Kiswahili hana budi kuuhifadhi.