Neno "Haba": Kutoka Punje hadi Upungufu

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliandika katika zoezi la mazungumzo: "Mama, naomba chai haba." Nikapiga mstari mwekundu bila maelezo. Alipokuja ofisini kuuliza kosa lake, niliona kwamba swali lile lilistahili jibu refu kuliko nililompa siku hiyo.

Haba limetokana na neno la Kiarabu habba, yaani punje. Katika karne za biashara ya Bahari ya Hindi liliingia katika lugha ya pwani, likaacha kuwa nomino, likawa kivumishi. Hata hivyo punje haijapotea. Methali isemayo "Haba na haba hujaza kibaba" inataja kipimo cha nafaka; vibaba vinne ni pishi moja.

Punje hiyohiyo ilitufikia sisi kwa njia ya Mto Nile. Katika Kiarabu cha Sudan, habba husemwa kwa maana ya "kidogo", bila lawama yoyote. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu waliishi Khartoum miaka ya vita, wakati ambapo hata Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa huko. Basi kijana yule hakukosea kwa uvivu. Alilijua neno, ila kwa historia yake nyingine.

Kiswahili kilifuata mkondo wake. Chache aghalabu huhesabu tu: walimu wachache waweza kutosha. Haba hupima kilichopo dhidi ya kinachohitajika, kama lifanyavyo neno la Kiingereza "scarce". Ndiyo maana mama akisikia "chai haba" atadhani analaumiwa. Aombaye husema "chai kidogo". Na ndiyo maana "si haba", mtu anapoulizwa hali, ni jibu la kuridhika. Kisarufi, haba halipokei kiambishi: maji haba, vitabu haba, walimu haba. Nomino yake ni uhaba.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wahitimu wetu wanatarajiwa kuandika barua na ripoti kwa Kiswahili. Anayeandika "shule ina walimu wachache" ametaja idadi. Anayeandika "walimu ni haba" ameomba waongezwe.

Mwanafunzi yule nilimrudishia nusu alama.