Mkalimani wa Kikroatia na Kihispania: Ufasaha pekee hautoshi

KIKROATIA kilikuwa lugha rasmi ya 24 ya Umoja wa Ulaya Julai 1, 2013, Kroatia ilipojiunga na umoja huo. Hata hivyo, anayetafuta mkalimani kati ya lugha hiyo na Kihispania hana budi kuuliza zaidi ya ufasaha.

Neno la Kihispania “prescripción”, kwa mfano, hospitalini ni maagizo ya daktari kuhusu dawa, bali mahakamani ni kwisha kwa muda wa kisheria wa kushtaki. Kikroatia kina maneno mawili tofauti: “recept” na “zastara”. Mkalimani asiyejua sheria aweza kumpotosha mshtakiwa.

Nchini Hispania, orodha ya wakalimani walioapishwa hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje; Kroatia ina wakalimani wa kudumu wa mahakama. Kiapo hakithibitishi utaalamu wa tiba wala uhandisi, hivyo yafaa kuuliza mkalimani amefanya kazi zipi katika fani husika, na kumpa nyaraka mapema.

Kwa mshukiwa wa jinai, sheria ya umoja huo namba 2010/64 huzitaka nchi zote mbili kugharimia ukalimani, nayo humpa haki ya kulalamikia ubora wake.