MBONA GHALI? HISTORIA YA BEI ZETU NA WATEJA WETU

Habari za hisa na za mikopo zimeandikwa kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumeona tuandike historia ya neno moja tu ambalo nusura livunje kikundi hata mwaka hakijatimiza. Neno lenyewe ni hili la mteja: "Mbona ghali?"

Wengi wetu tulikulia wakati ambao neno hilo halikuwa na maana. Tume ya Bei ya Taifa iliundwa mwaka 1973, na bei za bidhaa nyingi zikawa zinapangwa na Serikali. Mwenye duka hakupanga, mnunuzi hakupatana. Halafu vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada ya hapo mali ikapotea madukani. Sisi tulikuwa wasichana wadogo, tunatumwa kupanga foleni ya sabuni na sukari, na mgao mwingine ulipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Ukifika mbele huulizi bei, unauliza "Ipo?" Ikiwa haipo, basi kuna mtu anayo kaificha, na huyo atakuuzia usiku kwa bei anayotaka yeye. Mwaka 1983, Marehemu Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulifanyika msako wa wahujumu uchumi. Wengine walitupa mali porini kwa hofu. Hapo ndipo sisi watoto tulipolijua vizuri neno "mlanguzi". Lilikuwa neno la kumpeleka mtu jela. Tunaomba msomaji alikumbuke hilo, maana litarudi mbele.

Kuanzia mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Kanga zikaonekana, mitumba ikajaa, na bei nyingi zikawa za kupatana. Kupatana si kitu kigeni kwetu, mama zetu walikuwa wakipatana sokoni tangu enzi za kibaba na pishi. Ila fundi cherehani alipata taabu mpya. Ukimtajia mteja bei ya kushona shati, anakuonyesha shati la mtumba alilovaa, tena zuri, kalipata kwa chini ya hapo. Utamjibu nini?

Tulipoanzisha kikundi hapa Morogoro mwaka 2015, nusu yetu tulikuwa mafundi cherehani, waliobaki ni mama lishe na wauza mboga. Tulikuwa na sanduku, kufuli tatu na daftari. Hesabu ya bei hatukuwa nayo. Kila mmoja alitaja bei kwa kumwangalia mteja usoni.

Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo. Watoto wa darasa la kwanza waliandikishwa wengi kuliko tulivyozoea, na wazazi wakaja na vitambaa, na wasio na vitambaa, wote wanataka sare kabla ya Jumatatu. Tukafurahi sana. Kumbe mzazi anaposikia elimu haina malipo, moyoni mwake anaweka na sare humo humo. Ukimwambia jozi ya sketi na shati ni shilingi 14,000 anaruka: "Mama, Serikali imesema bure, nyinyi mmepata wapi bei hiyo?" Tulijibu vibaya. Mmoja wetu alisema, "Kama ghali, kashone mwenyewe." Mwingine alinyamaza na kuendelea kukanyaga cherehani, na huko kunyamaza kuliudhi watu kuliko matusi.

Mwenzetu mwingine, mpole, hakuweza kubishana. Alikuja mtu mmoja anataka jozi 40, akasema atalipa 10,000 kwa jozi, fedha taslimu. Mwenzetu akakubali, akakopa kwenye sanduku 320,000 ya kitambaa, akashona usiku na mchana. Alipomaliza alipokea 400,000, akacheka. Tulipokaa naye na daftari hakucheka tena. Kitambaa 320,000. Uzi, vifungo na zipu 40,000. Pango na umeme 20,000. Riba yetu 16,000. Kilichobaki ni shilingi 4,000 kwa jozi 40, yaani shilingi 100 kwa kila mtoto aliyemvalisha. Na mzigo wa watu ukamwangukia: mteja aliyefuata akisikia 14,000 anasema, "Mbona mwenzio anashona kwa 10,000?"

Mwezi wa pili kwenye mkutano wa mtaa akasimama mzazi mmoja akasema sisi ni walanguzi wa sare. Wale wakubwa kati yetu walilia pale pale. Watu wa umri mdogo hawakuelewa tunalia nini.

Usiku ule tulikaa mpaka saa nne. Wako waliotaka tuache sare kabisa. Wako waliotaka kugawana fedha za sanduku kila mtu aende zake, na hao hawakuwa wachache. Aliyetuokoa ni mmoja wa mama mboga, ambaye hata sindano hajui kushika. Alituuliza, "Nyinyi mafundi, sketi moja inakula nini?" Hatukuwa na jibu moja. Kila fundi alisema lake. Mama yule akasema, "Sasa kama nyinyi hamjui, mzazi atajuaje?"

Basi tukafumua sketi moja na shati lake. Tukaviweka mezani vipande vipande, na kila kipande tukaandikia fedha yake. Kitambaa cha sketi, 4,500. Cha shati, 3,500. Uzi, zipu na vifungo, 1,000. Pango na umeme, 500. Kazi ya fundi, 4,500. Ikafika 14,000 kamili. Lakini pia likatoka jambo la aibu, na tunaliandika kwa sababu historia ikificha haifai: kati yetu walikuwapo waliowauzia wazazi wageni jozi ile ile kwa 18,000. Kwa hiyo yule mzazi wa mkutanoni hakusema uongo wote. Tuliwatoza faini, na aliyezidishiwa tuliyemkumbuka tulimrudishia 4,000 zake.

Ile sketi iliyofumuliwa tukaipeleka dukani. Mteja akiuliza "Mbona ghali?", tunamkaribisha kiti, tunamwonyesha. "Shika kitambaa hiki, dada. Hiki hapa cha bei ya chini, kikifuliwa mara kumi kinapauka. Chagua." Wengi huchagua kizuri. Wengine huchagua cha chini, ni haki yao. Wengine huondoka, nasi tunawaambia karibu tena, wahenga walisema biashara haigombi.

Mabishano ya kupunguza yalichukua muda zaidi. Vijana walitaka bei moja iandikwe ukutani, basi. Wakubwa tulikataa, maana mteja asiyepunguziwa hata kidogo anaona kama hakusalimiwa. Mwisho tuliwafuata wauza mboga: wao hawashushi bei ya fungu, wanatoa nyongeza. Nasi bei haishuki, lakini tunakuongezea vifungo viwili vya akiba, na sketi ikipasuka mshono mwaka huo tunashona bure.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona tulikaa na majora ya kitambaa mpaka zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, tukashona barakoa. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda sana ikawa zamu ya mama lishe. Wawili walificha: bei ya sahani ile ile, nyama ikapungua. Wateja wa chakula hawadanganyiki, walihama. Mmoja aliandika kwenye ubao bei ya dumu ya zamani na ya sasa, akapandisha sahani kwa shilingi 500. Alilalamikiwa wiki moja, wateja wake wakabaki.

Tangu treni ya umeme ianze safari ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, wako wanaotuambia, "Sasa Kariakoo ni karibu, shusheni bei." Tunawajibu kwamba treni imepunguza saa za njiani, bei ya jora bado ni ya mwenye duka.

Yule mzazi aliyetuita walanguzi alirudi mwaka 2018 na mtoto wa pili. Hakutaja ya nyuma, wala sisi hatukutaja. Aliomba aone ile sketi. Ipo bado kabatini, imepauka kwa kushikwashikwa, na karatasi zake za bei tunazibadilisha kila Desemba kabla ya msimu.