Hawakufungwa, hawakutoka sare, hawakualikwa

Nilipotea kidogo, testi zilinibana mpaka nikasahau hata siku. Leo nina kisa.

Juzi jioni tumekaa kimbweta, ubishi wa mpira kama kawaida. Mwenzangu wa chumbani, shabiki wa kutupwa, akasema: "Timu ni kombe bwana. Kombe likija, nani atakumbuka aliyeachwa nyumbani?" Watu wakacheka, wakamuunga mkono. Mimi nikakumbuka timu moja ya chuo ambayo ilikataa kumwacha mtu nyumbani, na zaidi ya miaka 70 baadaye bado inatajwa. Ndiyo hasara ya kukaa na mtu anayesoma historia, mnivumilie.

Mwaka ni 1951, mahali ni San Francisco, Marekani. Chuo Kikuu cha San Francisco ni cha mapadre Wajesuiti, shirika lilelile lenye shule ya Loyola pale Mabibo. Timu yao iliitwa Dons. Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, mpira wa umbo la yai, watu wamevaa kofia ngumu na wanagongana kama daladala zinazogombea abiria. Kumbuka jambo moja tu: kazi kubwa ni kusogea mbele na mpira, na mwendo huo unapimwa kwa yadi.

Msimu ule, katika vyuo vyote vya Marekani, aliyeongoza kwa kukimbia na mpira alikuwa Ollie Matson wa Dons: yadi 1,566, na alifunga mara 21. Kwenye ulinzi alikuwepo Burl Toler. Hao wawili ndio waliokuwa weusi kwenye kikosi. Pembeni yao walikuwepo wazungu kama Gino Marchetti, ambaye alishapigana Vita Kuu ya Pili huko Ulaya kabla ya kuja chuo, na Bob St. Clair, jitu la mtu. Kocha alikuwa Joe Kuharich, mkali kwelikweli. Hata kijana aliyeshughulika na magazeti, Pete Rozelle, alikuja kuongoza ligi ya kulipwa ya NFL kuanzia 1960 mpaka 1989. Timu ya chuo hiyo jamani!

Walicheza mechi 9, wakashinda zote 9. Walisafiri mpaka New York wakawafunga Fordham 32-26. Wakawabamiza Pacific 47-14. Ya mwisho walicheza Pasadena, kwenye uwanja wa Rose Bowl, wakawafunga Loyola ya Los Angeles 20-2.

Sasa kule kwao, msimu ukiisha, timu nzuri zinaalikwa kwenye mechi kubwa za mwaka mpya. Mechi hizo zina sifa na zina hela. Na hela ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu mpira ulikuwa unakitia chuo hasara. Macho yote yakawa kwa Orange Bowl, Miami. Lakini Miami ni Florida, na Florida ya wakati ule ilikuwa na sheria za ubaguzi wa rangi. Ujumbe ukaja: mnaweza kuja, ila Matson na Toler wabaki.

Timu ikajibu hapana.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Angalia mwaka. Hukumu ya Mahakama Kuu ya kupinga shule za ubaguzi ilikuja 1954. Rosa Parks alikataa kuinuka kwenye kiti cha basi 1955. Hawa vijana mwaka 1951 hawakuwa na vuguvugu kubwa la kuwabeba, walikuwa wanafunzi tu wa umri wetu. Wangeweza kabisa kujidanganya: twende, tukishinda tutawaletea wenzetu medali. Hawakwenda.

Hadharani sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba ratiba yao ilikuwa nyepesi. Tarehe 1 Januari 1952 Georgia Tech wakawafunga Baylor 17-14 kule Miami, na Dons hawakuwepo. Chuo kikafuta timu. Ule msimu wa ushindi mtupu ukawa wa mwisho kabla ya timu kufutwa.

Nisiwadanganye, hasara haikuanzia Miami. Saint Mary's na Santa Clara, vyuo vya Kikatoliki vya jirani, navyo vilifunga timu zao miaka hiyohiyo. Ila fedha za Orange Bowl zingeweza kuwapa pumzi, na wachezaji walijua hali ilivyo. Ni hesabu mbaya sana kuwekewa mezani: toa wawili, okoa wengine wote.

Baadaye je? Matson alikwenda Olimpiki ya Helsinki 1952, akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti, kisha akang'ara NFL. Yeye, Marchetti na St. Clair wote majina yao yameingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo.

Lakini mimi nampenda zaidi Toler. Goti lilimharibikia 1952, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa. Akawa mwalimu, akapanda mpaka mkuu wa shule hapohapo San Francisco. Mwaka 1965 NFL ikamchukua kuwa mwamuzi, mtu mweusi wa kwanza. Januari 1980 akawa miongoni mwa waamuzi wa Super Bowl, mechi kubwa kuliko zote. Ilichezwa wapi? Pasadena, Rose Bowl, uwanja uleule ambapo Dons walimaliza msimu wao.

Nilipomaliza kusimulia, mwenzangu alikaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo wangekwenda Miami, timu ingebaki?"

Nikamwambia labda ingebaki. Lakini ingekuwa timu ya akina nani?

Hakunijibu, alichukua daftari lake tukaondoka. Nyie wadau mngefanyaje? Mimi nawahi foleni ya kafeteria kabla wali haujaisha. Tuonane.